Ua la Bluu la Sare ya Kwaya

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kwaya nzima, mchungaji akiwemo. Naandika haraka kabla hamjaisikia kwa wengine wakaiongezea chumvi. Haihitaji chumvi. Ilivyo inatosha.

Kwa wasionijua, mimi ni Atupele, fundi cherehani hapa Tukuyu mjini, naishi Kawetele. Nashona sare za shule, magauni ya kipaimara, na sare za kwaya yetu ya kanisani. Naimba sauti ya pili. (Mwalimu wetu anasema naimba sauti ya pili na nusu. Hayo tuyaache.)

Sasa tuje kwenye mguu.

Mguu wangu wa kushoto umekuwa ukiwasha tangu mvua zianze. Na nyie mlioko Dar msioijua Tukuyu, hapa mvua ikianza haina habari ya kuisha. Gambuti unaivaa asubuhi ikiwa na unyevu wa jana, unaivua jioni ikiwa na unyevu wa leo. Basi katikati ya vile vidole viwili vya mwisho ngozi ikawa nyeupe, laini, kama ndizi iliyosahaulika kwenye maji. Halafu ikapasuka. Halafu ikaanza kuwasha.

Kuwasha gani huko! Kuna kuwasha unakuna ukasahau. Huku unakuna mpaka macho yanafumba yenyewe.

Na kazi yangu ni ya mguu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nikawa nasugua kidole kwenye kile chuma cha kukanyagia huku nashona, raha inanipanda mpaka kwenye masikio. Wateja wakaanza kusema, "Dada Atu siku hizi una furaha, unashona unatabasamu." (Si furaha. Ni kidole.)

Nimejaribu limau na chumvi. Nikalia. Nimejaribu mafuta ya taa. Nyumba ikanuka kibatari. Nimejaribu dawa ya mswaki. Mguu ukanukia vizuri, ukaendelea kuwasha. Mwisho jirani akanipa krimu ya tyubu isiyo na boksi. "Hii inamaliza kila kitu," akasema. Na kweli, muwasho ukakata! Nikatangaza ushindi, nikampelekea jirani parachichi. Kumbe ule muwasho ulikuwa umekwenda kuita ndugu zake. Ukarudi na duara juu ya unyayo, lina ukingo mwekundu, linapanuka kama mtu anayepima kiwanja.

Leo asubuhi nikasema basi. Nakwenda hospitali.

Lakini leo hiyo hiyo kulikuwa na jambo lingine, na hapo ndipo balaa lilipojificha. Kwaya yetu inajiandaa kwa sikukuu ya mavuno, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua ua la kitambaa cha sare. Kuna bwana huko Mbeya anachapisha vitambaa. Unamtumia picha ya ua unalotaka, yeye anakutolea jora zima. Alikuwa anasubiri picha yetu.

Na sisi hatukuwa na picha. Tulikuwa na vita.

Mwenyekiti wetu, Mama Sekela, anafanya kazi kiwanda cha chai. Anataka kijani kilichokolea, chenye majani ya chai. Kiongozi wa besi, kaka Ambakisye, ana shamba la migomba huko Kinyala. Anataka njano, yenye mikungu. Wameshindana wiki baada ya wiki. Imefika mahali kwenye mazoezi besi wanaimba polepole makusudi. Jumapili iliyopita watu wa chai walikaa upande huu, watu wa ndizi upande ule, na wimbo wenyewe ulikuwa wa upendo! Mchungaji akaniita baada ya ibada. "Dada Atupele, wewe ndiye fundi. Tafuta ua ambalo si chai wala si ndizi. Ukishindwa, mwaka huu hatuna kwaya." Hakuwa anatania. Nilimwona usoni.

Kwa hiyo nimeingia hospitali nina mizigo miwili. Mguu na ua.

Daktari kautazama mguu, kauliza maswali, kanituma maabara. Maabara kuna mtaalamu anaitwa Gwakisa, kijana mpole, sauti ya chini. Akaniambia nivue kiatu na soksi.

Nikasema, "Kaka, naomba ufungue dirisha kwanza."

Akafungua. Akatazama. Hakukunja uso hata kidogo. (Namshukuru mpaka sasa.) Akachukua kijisu kidogo butu, akakwangua taratibu pale katikati ya vidole na kwenye ule ukingo mwekundu. Unga wa ngozi ukaanguka kwenye kipande cha kioo. Akadondoshea dawa fulani ya bluu.

"Inabidi ikae kidogo," akasema. "Hii dawa inayeyusha ngozi, na huo wino wa bluu unatusaidia kuona kama kuna mtu ndani."

Kama kuna mtu ndani! Nikacheka, nikajua ni msemo wa maabara. Nikavaa soksi, nikaenda kukaa kwenye benchi la korido.

Mvua ikaja. Ile ya upepo, inayoingia mpaka kwenye benchi. Wote tukasogea ukutani. Gwakisa akatokeza kichwa mlangoni. "Dada Atupele, njoo usubirie humu ndani, usije ukaloa. Mimi naitwa wodini mara moja. Kaa hapo, usiguse kitu."

Nikakaa. Sikugusa kitu. Mbele yangu kulikuwa na meza, juu ya meza hadubini, na ukutani runinga kubwa.

Na kwenye runinga, jamani.

Jamani.

Sijui niwaelezeeje. Mandharinyuma yalikuwa na weupe wa ukungu wa asubuhi, ule unaotanda juu ya mashamba ya chai kabla jua halijaupasua. Ndani ya ule weupe zilikuwa zinapita nyuzi. Za bluu. Nyembamba, safi, zinang'aa pembeni kama zimetiwa mafuta. Uzi mmoja unakwenda, unafika mahali unagawanyika wawili, kila mmoja unakwenda na njia yake, unagawanyika tena. Hakuna fundo. Hakuna mahali uzi umekatika. Kila baada ya kipande kuna kikuta chembamba, kama pingili za mwanzi. Nyingine kwenye ncha zimegeuka shanga, shanga baada ya shanga, zimepangwa kwenye mstari kama kiuno cha bibi harusi.

Mimi nimeshika uzi tangu nikiwa msichana. Uzi naujua. Naujua ukiwa mkaidi, naujua ukiwa mtiifu. Lakini sijawahi kuona uzi ukitembea hivi. Nilisahau mguu. Nilisahau mvua. Nilisimama, nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikasikia kifua kinajaa, kama vile kwaya inavyoanza kuimba na wewe hujategemea. Nikasema peke yangu, "Kyala!" Ndivyo bibi yangu alivyomwita Mungu kila alipoona kitu kilichomzidi.

Nikadhani ni zile picha ambazo runinga inaweka yenyewe ikiwa imepumzika. Mnazijua, maporomoko ya maji, maua, samaki wa rangi. Nikajua na hii ni mojawapo. Ua la nchi gani sijui. Mzizi wa mti gani sijui.

Si chai. Si ndizi.

Nikatoa simu, nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la kwaya. Nikaandika, "Wapendwa, mnaonaje hili?"

Sekunde chache tu, Mama Sekela akajibu, "Atu!!! HILI NDILO."

Nikangoja Ambakisye apinge. Akaandika, "Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mwenyekiti. Ni zuri mno. Linatuliza."

Linatuliza! Watu wakamiminika. Mmoja akasema ni kama barabara za mbinguni. Mwingine akasema anaona mizizi ya imani. Soprano mmoja akaandika kwamba ameliangalia mpaka machozi yamemtoka. Halafu mchungaji mwenyewe, "Mikono ya Muumba! Ndaga fijo, dada Atupele. Asante sana. Umelipata wapi?"

Nikajibu kwa unyenyekevu, "Limenijia tu, mchungaji."

(Msinikumbushe. Naomba msinikumbushe.)

Mama Sekela akaandika, "Nimeshamtumia bwana wa Mbeya. Anasema hajawahi kupokea ua kama hili. Anaanza kazi." Na chini yake Ambakisye akamtumia Mama Sekela, hadharani, ua la waridi. Ambakisye! Mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa anamwita "yule mama wa majani".

Mimi fundi mdogo wa Kawetele nimeleta amani kanisani. Nilijiona mrefu.

Na hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angerudi kwenye kiti, akakaa, akafunga mdomo. Lakini raha ilikuwa imenizidi. Nikasema picha haitoshi, hawaioni ilivyo hai, ngoja niwatumie ile video fupi ya duara. Mnaijua? Unabonyeza kidole, inarekodi. Ukiachia kidole, imekwenda. Haiulizi.

Nikabonyeza. Nikaanza kuongea kama mtangazaji.

"Wapendwa, oneni! Oneni kazi ya Mungu! Oneni huu uzi unavyopita, mkono wa mwanadamu hauwezi! Hili tutalivaa kwenye mikono, tutalivaa kwenye kola, na kipande kitakachobaki nitashona kitambaa cha madhabahu, mchungaji akiniruhusu, kwa sababu uzuri kama huu unastahili kukaa mahali patakatifu..."

Nyuma yangu mlango ukafunguka. Gwakisa. Yule yule wa sauti ya chini, wa upole. Sijui sauti ile leo aliitoa wapi.

"Aah, umeshawaona! Hao ndio fangasi wako, dada Atupele! Kutoka katikati ya vidole vya mguu wa kushoto. Aisee, wamejaa kweli kweli!"

Nikashtuka.

Nikaachia kidole.

Ikaenda.

Sikupiga kelele. Nilitazama simu, nikatazama runinga, nikatazama mguu wangu. Gwakisa akasema, "Usiogope dada, wanatibika." Akadhani naogopa ugonjwa! Nikamwambia, "Kaka, mimi ugonjwa siuogopi. Naogopa kwaya."

Simu ikaanza kutetemeka mkononi. Nikaigeuza uso chini juu ya meza. Kwanza nilikuwa na swali, na swali lenyewe lilikuwa kubwa kuliko aibu. Naapa lilikuwa kubwa.

"Hii kitu," nikamwuliza, nikionyesha runinga, "hii nzuri hivi, ilikuwa mguuni kwangu?"

"Ilikuwa mguuni kwako asubuhi hii hii."

"Ndani ya soksi?"

"Ndani ya soksi."

Akavuta kiti, akakaa. Nadhani hakuna mgonjwa aliyewahi kumwuliza hivyo, kwa sababu alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake. Akazungusha kitu kwenye hadubini, picha ikasogea, na nyuzi zikazidi kuja, na zaidi, na zaidi. Akasema kiumbe huyu hana mdomo wala tumbo. Anatoa majimaji yake nje, yanalainisha ngozi, halafu anafyonza. Anakula ile ngozi ya juu iliyokwisha kufa tu, na ndani ya ile ngozi anarefuka kwa ncha, gizani, kidogo kidogo.

"Na hivi vishanga?"

"Hivyo vinakatika, vinabaki kwenye soksi, kwenye kiatu, kwenye sakafu. Kila kimoja kinaweza kuanza upya kwa mtu mwingine."

"Sasa huyu ni mdudu au ni mmea?"

"Si mdudu, si mmea. Ana ukoo wake. Uyoga ni ndugu yake. Ukungu wa kwenye mkate ni ndugu yake. Hata hamira."

"Hamira ya maandazi?"

"Hamira ya maandazi. Ukoo mmoja. Wengine wanatulisha, wengine wanatuwasha. Kuna ukungu ambao umetupatia dawa zinazookoa watu kila siku humu hospitalini."

Nilikuwa nimeushika mguu wangu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai. Miezi yote hii mimi nakaa juu, nahesabu mishono, nalalamikia uzi unaokatika. Kumbe chini, ndani ya gambuti, kuna fundi mwingine anafuma. Hana taa. Hana mkasi. Hakumpima mtu. Na kazi yake haina fundo! Mimi nilimmwagia mafuta ya taa, na yeye akaendelea kufuma. Sikumpenda, nisieleweke vibaya. Nataka atoke. Lakini kuna adui unampiga huku unamvulia kofia.

"Ile krimu ya jirani yako," Gwakisa akasema, "kuna zile zinazotuliza muwasho tu. Ngozi inaacha kupambana, wewe unaona umepona, na yeye anapata nafasi ya kutanuka. Ndiyo hilo duara. Daktari atakupa dawa yake yenyewe. Utapaka kila siku, na utaendelea kupaka hata ukiona pamepona, maana akibaki kipande kidogo anaanza upya. Kausha katikati ya vidole. Badilisha soksi. Na usivae kiatu cha mtu."

Hapo nikamtazama.

"Usivae kiatu cha mtu," nikarudia.

"Unavaa kiatu cha mtu?"

Jamani, kwaya yetu ina raba nyeupe. Tulinunua zote kwa pamoja ili tufanane. Zinakaa kwenye sanduku moja, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, ambako tangu nizaliwe sijawahi kuona ukuta mkavu. Jumapili asubuhi kila mtu anatumbukiza mkono, anatoa zinazomtosha. Leo unavaa hizi, wiki ijayo anavaa mwingine. Tukimaliza kuimba tunazirudisha sandukuni zikiwa na joto lake, tunafunga kifuniko.

Nilipomweleza, Gwakisa alishika kichwa. Halafu akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa mlima kwa mara ya kwanza, "Sanduku zima?"

"Sanduku zima."

"Lina kifuniko?"

"Lina kifuniko."

Akatikisa kichwa. "Hicho ni kitalu, dada."

Basi nikageuza simu.

Video ilikuwa imeonwa na watu wote. Hakuna aliyejibu. Juu pale ikawa inaonyesha "Ambakisye anaandika", halafu ikaacha. "Mama Sekela anaandika", ikaacha. Yule soprano aliyelia machozi alikuwa amefuta ujumbe wake. Mchungaji alikuwa ameweka alama moja tu, ya mikono iliyoshikana kwa sala. Sijui alikuwa anamwombea nani.

Halafu Ambakisye akamaliza kuandika. "Samahani dada Atu, swali tu. Lile ua jekundu la sare ya mwaka jana lilikuwa ugonjwa gani?"

Nikazima simu.

Nikarudi kwa daktari, nikachukua dawa dirishani, nikatembea kwenye mvua mpaka dukani kwangu. Sikufungua mwavuli. Mtu aliyeaibika hivyo hana haja ya kukauka. Nikaketi nyuma ya cherehani, nikaanza kupanga maisha mapya. Nikawaza kuhamia Lufingo, kwa shangazi. Nikawaza kubadilisha dhehebu. (Nikakumbuka na huko wanatufahamu.) Nikawaza jinsi ya kumpigia bwana wa Mbeya nimwambie asimamishe, na nianzie wapi kumweleza.

Mlango ukagongwa. Mama Sekela. Mwavuli mkubwa, uso mkavu.

"Shikamoo mama," nikasema kwa sauti ya pili na nusu.

"Marahaba. Funga mlango, Atu."

Nikafunga. Nikajiandaa kutukanwa. Mama wa watu akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuvua gambuti. Nikadhani anataka kunipiga nayo. Akavua na soksi. Akanyoosha mguu chini ya taa yangu ya kushonea.

"Tazama hapo," akasema. "Ndilo lile ua?"

Nikainama. Pale katikati ya vidole palikuwa peupe, laini, pamepasuka.

"Mama, mimi si mtaalamu. Lakini ndivyo wangu ulivyoanza."

Halafu akasema taratibu, si kama mwenyekiti, kama mtu anayejisemea, "Huu muwasho nalala nao tangu Krismasi. Nikiwa kiwandani najisugua kwenye mguu wa meza. Nimeuchukia huu mguu. Leo nimeona ile picha, nikasema sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Halafu yule kijana akasema kiko wapi." Akautazama mguu wake kama anausalimia. "Na mimi niko hivyo ndani? Bluu bluu?"

"Ile bluu ni wino mama. Lakini nyuzi, bila shaka unazo."

"Mh!" akasema. Na nilisikia kwenye ile mh kitu kinachofanana na majivuno.

Mlango ukagongwa tena. Kabla hatujajibu, ukafunguliwa. Ambakisye. Akamwona Mama Sekela mguu mtupu. Akaganda.

"Mama! Hata wewe?"

"Ingia ndani, unaingiza mvua," Mama Sekela akamwambia. "Hata wewe nini?"

Mwanaume mzima, besi ya kutetemesha madirisha, akatazama chini. "Wakwe zangu ni watu wa usafi. Kwao unaingia ndani umevua viatu. Mimi tangu mwaka jana nasalimia nikiwa mlangoni, nasema nina haraka, naondoka. Wameshamwambia mke wangu nina dharau." "Si dharau, mama. Ni harufu."

Sikucheka. Mama Sekela hakucheka. Alisogeza kigoda kingine kwa ule mguu wake mtupu. "Vua," akasema.

Akavua. Jamani, nikafungua dirisha.

Basi ndivyo tulivyokuwa, watu wazima watatu, miguu juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, chini ya taa, vichwa vimeinama. Mwenyekiti analinganisha wake na wa besi. "Wako umefika kwenye kucha." "Wako umepasuka zaidi." Walikuwa wanaongea kwa upole ambao sijausikia tangu habari ya sare ianze. Hapo hapo akaingia mama mmoja mteja wangu, amekuja kuchukua sketi ya shule ya binti yake. Akatutazama. Akatazama meza. Akatazama sketi ya mwanawe iliyokuwa imekunjwa upande wa pili wa meza ile ile.

"Nitarudi," akasema. Sidhani.

(Sketi naifua upya na kuipiga pasi ya moto, mama. Nakuapia.)

Tukakubaliana hapo hapo. Raba zote zitolewe sandukuni, kila mtu awe na zake, aandike jina ndani. Sanduku lenyewe lichomwe. Kesho anayewashwa aende hospitali, na Mama Sekela atatangulia mbele ili wengine wasione haya. Likabaki ua. Ambakisye akasema kwa unyonge, "Tumpigie bwana wa Mbeya. Turudi kwenye kijani, mimi sina neno." Na Mama Sekela, huku anafunga soksi zake kwenye mfuko, akasema, "Hapana. Njano. Njano ni nzuri." Wakaanza tena kubishana, safari hii kila mmoja anamtetea mwenzake!

Nikawasha simu nimpigie bwana wa Mbeya. Nikakuta ujumbe wa sauti wa mchungaji. Nikauweka kwa sauti, tukausikiliza wote, miguu mitupu, mvua inapiga bati.

"Wapendwa," mchungaji alikuwa anasema, kwa ile sauti yake ya kuanza ibada. "Nimeitazama ile picha tena, baada ya kujua ni nini. Nimeitazama muda mrefu kuliko mwanzo. Kila Jumapili tunaimba kwamba Mungu ameumba vikubwa na vidogo. Vikubwa tunavijua, mlima Rungwe uko pale kila siku. Vidogo hatukuwahi kuviona. Leo dada Atupele ametuonyesha. Sare ibaki." Tukasikia anakohoa. "Ila wageni wakiuliza siku ya mavuno, semeni ni maua. Na dada Atupele, kile kitambaa cha madhabahu, hapana. Halafu naomba jina la hiyo dawa. Nauliza kwa niaba ya mtu."

Mama Sekela akamtazama Ambakisye. Ambakisye akanitazama mimi.

Kwa hiyo ndugu zangu, siku ya mavuno mtatuona tumesimama mbele, weupe kwa bluu, tumependeza kuliko kwaya yoyote wilaya hii. Anayetaka kucheka aruhusiwe, ila avue soksi kwanza.